Nimeanza kulipwa kwa kujaza kodi za wenzangu hapa Vancouver, Washington. Leseni yangu ni ipi?

Mzigo_Mwepesi:

Habari zenu wakuu, na shikamooni mlionizidi umri.

Niko Vancouver ya Washington, si ile ya Kanada. Kibarua changu kiko Portland, jimbo la Oregon, ghalani, zamu ya usiku, kwa hiyo kila jioni navuka mto na asubuhi narudi. Nyumbani Tanzania nilisoma diploma ya uhasibu, na hapa haikuwahi kunisaidia kitu mpaka miaka mitatu iliyopita, nilipojaza ritani yangu mwenyewe kwenye simu wakati wa mapumziko ya saa nane usiku. Jirani yangu akasikia. Nikamjazia, akaleta sinia la pilau. Mwaka uliofuata walikuwa wanane. Msimu huu nimehesabu juzi: 23.

Ninavyofanya ni hivi. Kila mmoja namfungulia akaunti kwenye programu ya kawaida, ile ya mtu anayejijazia, kwa barua pepe yake. Namuuliza maswali kwa Kiswahili kwa sababu wengi ni Wakongo na Warundi ambao Kiingereza bado kinawasumbua, halafu nabonyeza mimi. Wengine hawatoi kitu, wengine dola 20. Mwezi wa pili mmoja akanipa bahasha, ndani mna 100, akasema wenzake wa kazini ameshawaambia kuwa bei yangu ndiyo hiyo. Yaani nina bei, na sikuipanga mimi.

Usiku ule nilirudia kuiangalia ritani yake kabla ya kutuma. Chini kabisa, sehemu ya mtayarishaji, programu ilikuwa imeandika kuwa mwenye ritani amejaza mwenyewe. Nilikaa nikiangalia ule mstari. Nikatuma hivyo hivyo.

Sasa mzee wa kanisa anataka kunitangaza mbele ya watu wote kuanzia msimu ujao. Nimeogopa. Mmoja ananiambia chukua PTIN, namba ya mtayarishaji inayotolewa na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, basi umemaliza, mwingine ananiambia kuna kozi na mtihani. Je, nahitaji leseni gani? Diploma yangu ya nyumbani inahesabika? Na kuishi huku Washington, ambako hakuna kodi ya mapato ya jimbo, kunanipunguzia masharti?

---

Njia_ya_Mkato:

Mkuu unajitia presha bure. Marekani hakuna leseni ya kujaza kodi. Ingia tovuti ya IRS, omba PTIN, robo saa umemaliza, unalipa chini ya dola 20. Hawakuulizi cheti wala mtihani. Mimi nina binamu yangu Texas anajaza zaidi ya watu 200 na shule aliishia kidato cha nne. Acha mzee wa kanisa atangaze.

---

Bibi_Risiti:

Marahaba Mzigo, na pole na zamu za usiku.

Njia ya Mkato amekupa nusu ya ukweli, na ni ile nusu inayoponza watu. Mimi ni EA, wakala aliyesajiliwa na Hazina ya Marekani. Niko Beaverton, ng'ambo ya mto kutoka kwako, na huu ulikuwa msimu wangu wa 14. Kahawa yangu iko mezani na msimu umeisha, kwa hiyo nivumilie, nitaandika.

Tuanze na pilau. Kwa kanuni za kodi, mtayarishaji ni yule anayejaza ritani ya mtu kwa malipo. Asiye na makubaliano ya kulipwa, ya wazi au ya kimyakimya, hahesabiwi, hata akipewa zawadi ndogo ya shukrani. Kwa hiyo pilau halikuhitaji PTIN, kula kwa amani. Lakini watu wakishatajiana bei yako kazini, makubaliano yapo hata kama hukufungua mdomo. Zile dola 20 nazo, ukijua zinakuja kila mwaka, siku ya kuhojiwa utapata taabu kuziita zawadi.

Ule mstari uliokaa ukiutazama, IRS wana jina lake. Mtu anayelipwa kisha akaacha ritani ionekane kuwa mwenyewe kajaza wanamwita mtayarishaji mzimu. Anayelipwa anatakiwa asaini, aweke PTIN yake na ampe mteja nakala. Kila kimoja kati ya hivyo kina faini yake ukikiacha. Sheria iliiweka dola 50 kwa kila kosa, na siku hizi inapanda na mfumuko wa bei. Ukizidisha kwa makosa matatu na kwa vichwa unavyojaza, utaona kwa nini nimeacha kahawa ipoe.

PTIN yenyewe ni kweli kama alivyosema. Imekuwa lazima kwa kila anayelipwa tangu msimu wa 2011, mwaka 2025 ada yake ilikuwa dola 19.75, na inakufa kila tarehe 31 Desemba. Wanakuuliza kama umewahi kuhukumiwa kwa kosa la jinai na kama kodi zako mwenyewe ziko sawa. Kuhusu kodi za wengine hawakuulizi hata swali moja. Ni namba ya kukutambua. Haisemi lolote juu ya unachokijua.

Na usidhani serikali haikujaribu. Mwaka 2011 IRS ilileta utaratibu wa mtihani, saa 15 za masomo kila mwaka na uchunguzi wa historia ya mtu. Watayarishaji watatu wakaenda mahakamani, ndiyo kesi tunayoiita Loving. Januari 2013 jaji wa Washington D.C. akausimamisha utaratibu wote, na Februari 2014 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye. Hukumu hiyo iliandikwa na Brett Kavanaugh, huyu huyu aliyeko Mahakama ya Juu sasa. IRS ilikuwa imeegemea sheria ya 1884, iliyotungwa kwa ajili ya mawakala waliokuwa wakiwadaia watu fidia Hazina, zikiwemo za farasi waliopotea kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mahakama ikasema sheria ile inahusu kumwakilisha mtu mbele ya Hazina, na kujaza fomu si kumwakilisha. Bunge likitaka mtihani, litunge sheria. Miswada imeletwa mara kadhaa tangu hapo, na mtihani wa taifa zima bado hatuna. Ndiyo maana kinyozi wako Oregon lazima awe na leseni lakini anayekujazia kodi Texas hahitaji.

Baada ya kushindwa, IRS ikaanzisha mpango wa hiari, AFSP. Unasoma saa 18 kwa mwaka: 6 za kozi ya marudio yenye mtihani wake wa maswali 100, 10 za sheria ya kodi, 2 za maadili. Ukimaliza unapata cheti cha msimu, jina lako linaingia kwenye orodha yao ya umma, na unaweza kumsemea mteja kwenye ukaguzi wa ritani uliyoijaza na kuisaini wewe. Kwenye rufaa au kwa watu wa kukusanya madeni huruhusiwi. Mwenye PTIN tupu hawezi kumsemea mteja hata hapo. Barua ikija, mteja wako yuko peke yake.

Sasa Oregon, na hapa ndipo nataka uvue viatu ukae. Umesema Washington haina kodi ya mapato ya jimbo. Kweli. Lakini watu wako wanafanya kazi wapi? Kama ni ghala la Portland kama lako, mshahara ule Oregon inautoza kodi hata kama mtu analala Vancouver, na anajaza fomu ya wasio wakazi, OR-40-N. Kwa hiyo wewe unajaza ritani za Oregon. Na Oregon, tangu miaka ya 1970, hakuna kujaza kodi za watu binafsi kwa malipo bila leseni ya Bodi yao ya watayarishaji kodi. Binafsi nisingegusa ritani nyingine yenye karatasi ya Oregon kabla ya kuwapigia simu Bodi na kuwaeleza ninapoishi, wateja wangu wanapoishi na fomu ninazojaza. Wanapokea, na hawang'ati.

Leseni ya kwanza inataka uwe na miaka 18, umemaliza sekondari, usome kozi ya msingi ya saa 80 na ufaulu mtihani wa Bodi. Hapo diploma yako inakusaidia kuthibitisha kuwa ulimaliza shule, zaidi ya hapo sidhani. Uhasibu unajua, ila kodi ya Marekani ni lugha nyingine. Ukifaulu bado huruhusiwi kufungua ofisi yako. Unafanya kazi chini ya mshauri mwenye leseni ya juu, ambayo nawe utaifikia baada ya saa 780 za kazi na mtihani mgumu zaidi. Kila mwaka unaongeza saa 30 za masomo.

Watu hulalamikia hili la kuwa chini ya mtu. Nami nililalamika. Msimamizi wangu alikuwa mama wa Kimarekani anayekaribia miaka 70, kalamu nyekundu sikioni. Msimu wangu wa kwanza, saa 80 nimesoma, mtihani nimefaulu, alikuja kijana mwanafunzi, mtanashati, W-2 moja (karatasi ya mshahara kutoka kwa mwajiri) na karatasi ya ada ya chuo. Nikamjazia 1040, fomu ya wakazi, nikampa nafuu ya masomo, ile inayofika dola 2,500, ambayo 1,000 zake zinarudishwa hata kama hudaiwi kodi. Programu haikupiga kelele. Kila kitu kijani. Nikampelekea mama, akaisoma ikiwa imechapwa, akageuza ukurasa, akaniuliza swali moja: "Aliingia lini nchini?" Sikuwa nimemuuliza. Alikuwa na viza ya F-1, mwaka wa tatu. Kwa kawaida mwanafunzi wa F-1 kwa miaka mitano ya kalenda ya mwanzo si mkazi kikodi. Anajaza 1040-NR, na nafuu ile si yake. Yule mama alichora duara jekundu kuzunguka jina langu mimi, si la mteja. Ile karatasi bado ninayo kwenye droo.

Nikuulize: kati ya 23 wako, wangapi umewauliza waliingia lini na kwa viza gani? Wangapi wamekuomba uwaandike wazazi walioko nyumbani kama wategemezi? Mimi huombwa kila wiki. Mtu anatuma dola 300 kwa mama yake Bukoba kila mwezi, risiti anazo zote, na kweli anamlea. Lakini mtegemezi lazima awe raia au mkazi wa Marekani, au mkazi wa Kanada au Mexico. Mama wa Tijuana anaweza kuingia, mama wa Bukoba hapana. Unamweleza mtu huku anakutazama kama vile wewe ndiye uliyetunga. Na akaunti ya benki nyumbani uliwauliza? Zikijumlishwa zote na kuvuka dola 10,000 hata siku moja tu ndani ya mwaka, kuna taarifa ya akaunti za nje, FBAR, ya kupeleka, na hiyo haiko kabisa ndani ya ritani. Programu ya kujijazia inauliza mahali fulani, kwa Kiingereza, mtu anabonyeza hapana ili apite.

Kuna na fomu 8867. Ukimjazia mtu kwa malipo EITC (nafuu ya wafanyakazi wa kipato cha chini), nafuu ya watoto, ile ya masomo, au ukimweka kuwa mkuu wa kaya, wewe mtayarishaji unathibitisha kuwa umemhoji, umeandika majibu na umetunza karatasi. Ukizembea, kwa ritani zilizopelekwa mwaka 2025 faini ilikuwa dola 635 kwa kila kimoja. Vikiwa vinne kwenye ritani moja, hesabu mwenyewe. Faini hiyo anailipa mtayarishaji, si mteja. Ndiyo maana mimi nikiletewa kaka wawili wanaokaa nyumba moja na kila mmoja anasema ni mkuu wa kaya, naweka kalamu chini, naanza: kodi ya nyumba inalipwa na nani, umeme kwa jina la nani, mtoto analala chumba cha nani, barua ya shule imeandikwa anwani ipi. Naandika hata kile wanachokikataa.

---

Dereva_I84:

Mimi si mtaalamu, mimi ni yule mteja.

Niliendesha lori la kampuni, W-2, mshahara wa kawaida. Kuna ndugu alikuwa akijaza watu nyumbani kwake Jumapili, foleni mpaka ngazini. Hakuna bango, hakuna jina. Akaniuliza unalala barabarani siku ngapi kwa mwaka? Nikasema kama 240. Akapiga hesabu ya posho ya chakula, nikaona marejesho yanapanda kwenye kioo kama pampu ya mafuta. Nikarudishiwa zaidi ya 6,000. Akachukua asilimia 10, taslimu.

Barua ilikuja mwaka uliofuata, mwezi wa nane. Wanataka ushahidi wa biashara yangu. Biashara gani? Ndipo nilipoenda kwa mtu mwingine kufungua ile ritani, tukakuta Shedyuli C, fomu ya mwenye biashara yake. Nina kampuni ya usafirishaji yenye hasara! Alijua mwajiriwa wa W-2 haruhusiwi tena kukata zile posho tangu 2018, kwa hiyo alinitengenezea biashara ya kuzipakia.

Nikamtafuta. Simu haipokelewi, ile nyumba kahama. Kwenye ritani sehemu ya mtayarishaji ni nyeupe. Saini iliyoko ni yangu. Nilirudisha hela zote, faini ya asilimia 20 juu yake, na riba. Nililipa kwa awamu mpaka mwaka jana.

Mzigo, sikuiti mwizi. Wewe unaonekana una nia njema. Ila yule naye foleni ilimpenda hivyo hivyo.

---

Kunguru_wa_Sacramento:

Niongeze la California. Huku kuna baraza linaitwa CTEC. Saa 60 za kozi, 45 za kodi ya taifa na 15 za jimbo, dhamana ya dola 5,000, alama za vidole, PTIN, halafu saa 20 za masomo kila mwaka. EA, CPA (wahasibu wenye leseni) na wanasheria hawaguswi na hayo. Mtihani wa jimbo kama wa Oregon hatuna, unafaulu ule wa chuo kilichokufundisha basi. Nina namba yangu ya CTEC na nimeibandika ukutani, lakini nikiri jambo: mwaka 2008 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ililinganisha ritani za watayarishaji wa Oregon na za kwetu na za nchi nzima. Za Oregon zilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa sahihi. Za kwetu California, pamoja na kozi zote hizi, uwezekano ulikuwa mdogo kuliko kwingine. Kila nikikumbuka naona haya kidogo.

GAO hao hao 2014 walituma watu wao kwenye ofisi 19 wakijifanya wateja. Ofisi 17 zilikosea hesabu ya marejesho. Moja ilimpunja mteja dola 52, nyingine ilimzidishia 3,718. Na hizo ni ofisi zenye milango na mabango, si nyumbani kwa mtu Jumapili.

Bibi_Risiti, EA naye hapaswi kuwa na leseni Oregon? Na ni kweli mtu anaweza kuwa EA bila digrii?

---

Bibi_Risiti:

Kunguru, mimi leseni ya Oregon nilikuwa nayo kabla ya EA na sijaiachia, kwa hiyo aulize Bodi, asinitumie mimi kama kanuni.

Digrii haihitajiki, wala uraia wa Marekani. Unahitaji PTIN, unafanya mtihani wa sehemu tatu, watu binafsi, biashara, na uwakilishi. Kila sehemu maswali 100, saa tatu na nusu. Alama ya kufaulu nilipoufanya mimi ilikuwa 105 kwenye kipimo cha 40 hadi 130, na Machi na Aprili hawafungui mtihani. Halafu wanachunguza kodi zako mwenyewe. Baada ya hapo ni saa 72 za masomo kila miaka mitatu. Mimi sehemu ya biashara nilipata 102. Nililia kwenye maegesho ya gari nusu saa nzima, nikalipa tena, nikarudia. Ila EA anamwakilisha mteja yeyote mbele ya IRS, kwa jambo lolote, hata ritani ambayo hakuijaza yeye. Dereva, barua yako ile ningeishika mimi kuanzia ukurasa wa kwanza.

Ninachokiona kwenye hizo takwimu za Kunguru ni kuwa kukaa darasani peke yake hakutoshi. Oregon unapimwa, halafu unakaa chini ya mtu mwenye kalamu nyekundu. Mimi ningekuwa mbunge ningeanza na kalamu nyekundu.

---

Mzigo_Mwepesi:

Dada Bibi_Risiti, asante sana. Nimesoma nikiwa kwenye basi, nikarudia nyumbani. Swali lako la viza: wengi wangu waliingia kama wakimbizi, lakini wawili ni wanafunzi. Sikuwauliza waliingia lini. Nimewaandikia wote wawili usiku huu.

Akaunti za nyumbani sikumuuliza mtu hata mmoja.

Dereva, nimekuelewa. Pole sana.

Mzee wa kanisa nimemwomba asitangaze. Hakufurahi, amesema watu watakwenda kwa nani sasa. Sina jibu la kumpa. Nifanyeje kati ya leo na msimu ujao? Na hizi 23 zilizokwishakwenda nizifanyeje? Nilikuwa nafikiria nichukue PTIN haraka halafu nizipeleke upya na jina langu.

---

Bibi_Risiti:

Usizipeleke upya kwa ajili ya jina lako. Ritani inarekebishwa kwa 1040-X kama kuna kosa ndani yake: kipato, nafuu, mtegemezi, hali ya ukazi. Zipitie moja moja. Yenye kosa, mwambie mwenyewe, umwoneshe kosa, na umpeleke kwa mwenye leseni airekebishe. Wale wanafunzi wawili ndio wa kwanza. Kama wamejaziwa 1040 badala ya 1040-NR, jambo hilo si la kodi tu, linaweza kuwafuata kwenye karatasi zao za uhamiaji. Kuhusu bahasha na wewe mwenyewe, kaa na mwanasheria wa kodi saa moja faraghani. Mimi hapa sikushauri, na wewe hapa usiniandikie zaidi ya ulichokwisha kuandika.

Jibu la mzee wa kanisa lipo. Kuna VITA, vituo vya kujaza kodi bure kwa watu wa kipato cha chini, vinavyosimamiwa na IRS. Wanatafuta watu wa kujitolea kila mwaka na wanalilia wanaojua lugha. Unasoma bure, unafanya mtihani wao, kufaulu ni asilimia 80, wanakukalisha mezani. PTIN hutaihitaji kwa sababu hulipwi. Kila ritani inapitiwa na mtu wa pili kabla haijatoka, hata uwe umejaza elfu. Kabla hujagusa kompyuta unakaa na mteja mnajaza fomu ya mahojiano, ukurasa kwa ukurasa, na maswali yale niliyoyasahau mimi kwa yule mwanafunzi yamo. Tafuta kituo mwezi wa tisa au wa kumi, mafunzo mara nyingi huwa kabla ya Januari. Mzee aitangazie VITA hiyo, na aseme kutakuwa na kijana wa Kiswahili.

Huku nyuma soma saa 80 za Oregon. Nyingi zinasomwa kwa mtandao, zamu yako haitakuzuia. Ukifaulu, njoo tuongee kuhusu kukaa chini ya mtu. Mambo ya EFIN, namba ya ofisi ya kupeleka ritani kwa mtandao, na alama za vidole yasubiri mpaka uwe na ofisi yako. Maombi yenyewe yanaweza kuchukua siku 45, na huna haraka.

Na ile programu ya kujijazia kwa barua pepe za watu, achana nayo. Unazo nywila zao?

---

Mzigo_Mwepesi:

Ninazo. Ziko kwenye daftari.

---

Bibi_Risiti:

Mwambie kila mmoja aibadilishe mwenyewe, leo, kwenye simu yake. Ukihakikisha amebadilisha, ukate ule ukurasa. Mtayarishaji anayelipwa anatakiwa awe na mpango wa maandishi wa kulinda taarifa za wateja. Daftari la zamu ya usiku si mpango.

---

Mzigo_Mwepesi:

Sawa dada. Nimeanza na yule wa bahasha, nimempigia kabla sijalala. Kabadilisha nywila. Halafu kaniuliza kama naweza kumpa nakala ya ritani yake, kuna mtu wa kumpangisha nyumba anaitaka. Sikuwahi kumpa. Kwa kweli sikuwahi kumpa mtu yeyote.

---

Bibi_Risiti:

Mchapie leo, ya taifa na ya Oregon, kurasa zote. Halafu 22 waliobaki.